Nyumba ya magogo ya mtarakwa kuwa mkahawa: shughulikia maji kwanza

SWALI: Shambani kwetu upande wa Molo, kaunti ya Nakuru, kuna nyumba ya magogo ya mtarakwa iliyojengwa zama za masetla. Ni mita 6 kwa 9: chumba kimoja kikubwa chenye meko ya mawe, vyumba viwili vidogo nyuma, na baraza mbele yenye upana wa mita mbili na nusu. Gogo la chini kabisa upande wa nyuma limelainika, kisu kinaingia. Nataka kuifanya mkahawa wa watu 60. Fundi amenishauri nizibe nafasi kati ya magogo kwa simiti, nipake vanishi nje na ndani, na chumba kimoja cha nyuma kiwe jikoni. Paa bado lina vigae vya mbao. Wengine wanasema nivitoe niweke mabati. Nianzie wapi?

JIBU: Yale matatu aliyokushauri fundi yaache yote, kwa sababu yanaharibu nyumba kwa njia moja: yanapeleka maji kwenye gogo na kuyazuia yasitoke. Kiini chekundu cha mtarakwa ni kigumu kuharibika. Mchwa hawaupendi na kuvu haiuli kwa urahisi. Ndiyo maana nguzo za ua za mti huu husimama mashambani hata baada ya aliyezichimbia kuzikwa. Lakini sifa hiyo ni ya kiini peke yake. Tabaka jeupe linalokaa chini ya gamba huoza kama mbao nyingine yoyote, na gogo la duara limezungukwa na tabaka hilo pande zote.

Kuvu inayoozesha mbao huhitaji unyevu wa kama asilimia 25 na zaidi. Chini ya 20 imelala. Kwa hiyo chombo cha kwanza kununua ni kipima unyevu cha pini mbili, kabla ya jeki na kabla ya rangi. Pima kila gogo sehemu tatu, chini, katikati na kwenye pembe, uandike. Kisha chukua nyundo na msharasi. Gonga gogo taratibu ukienda mbele: palipo pazima panalia kwa sauti kavu, palipooza panatoa sauti nzito iliyokufa. Ukifika hapo choma msharasi uone unaingia kiasi gani, na ukitaka uhakika toboa kwa keekee ya milimita 6. Unga mwekundu mkavu wenye harufu ya penseli ni afya. Unga mweusi unaoshikana kama majani ya chai yaliyotumika ni uozo.

Magogo yapewe namba, kwa mfano K3 kwa gogo la tatu ukuta wa kaskazini, kila ukuta upigwe picha, ndipo mtu aruhusiwe kugusa kitu. Picha hizo utazihitaji pia kwenye ofisi. Kama jengo limetangazwa kuwa turathi chini ya Sheria ya Makavazi na Turathi ya 2006, huwezi kulibadilisha bila Makavazi ya Kitaifa ya Kenya. Hata kama halijatangazwa, waulize kwa maandishi. Barua moja sasa ni nafuu kuliko amri ya kusimamisha kazi baadaye. Kwa kaunti utahitaji kibali cha kubadilisha matumizi kuwa ya biashara, michoro iliyopitishwa, na baadaye leseni ya biashara, ukaguzi wa afisa wa afya ya umma na cheti cha zimamoto. NEMA (mamlaka ya mazingira) na NCA (mamlaka ya ujenzi) wana sehemu yao pia. Mpe msanifu majengo au mpangaji aliyesajiliwa kazi hiyo, wewe ubaki na magogo.

Paa na mitaro

Unauliza kuhusu vigae vya mbao. Kama zaidi ya theluthi mbili ni vizima, vibadilishwe vilivyokufa tu. Kama vimejikunja na kupasuka karibu vyote, ukweli ni kwamba kupata mtarakwa mpya kihalali kwa paa zima ni taabu, kwa kuwa ni mti wa asili na haukatwi ovyo. Vyanzo vya halali ni mbao kuukuu kutoka majengo yanayobomolewa au miti ya shamba lenye kibali, na mzigo ukisafiri uwe na hati ya Huduma ya Misitu. Tena paa la mbao juu ya mkahawa wenye meko ni jambo ambalo kampuni ya bima italitazama mara mbili. Mimi ningeweka mabati ya geji 26, au 28 kwa uchache, ya rangi ya kijivu iliyofifia, na kuacha papi za zamani mahali pake chini ya tabaka la kuzuia maji. Baadaye mtu akitaka kurudisha vigae, ataweza. Geji 30, iliyo nyembamba zaidi, usiiguse. Mvua ya mawe ya Molo itaipiga ikae mabonde mabonde.

Upenu uzidi ukuta kwa sentimita 60 angalau. Nyumba nyingi za zamani zina 30, na ndiyo maana magogo matatu ya chini huchakaa kabla ya mengine. Kurefusha makombamoyo kwa vipande vilivyofungwa ubavuni ni kazi ya siku chache na hakuna kitu kingine kwenye nyumba hii kitakacholipa vizuri hivyo.

Gata ni lazima. Paa lako, pamoja na upenu lakini bila baraza, lina kama mita za mraba 73. Mvua moja ya milimita 50 inamwaga lita 3,600 na zaidi. Bila gata zote hizo zinaanguka nusu mita kutoka kwenye gogo la chini na kulirukia kwa matope. Elekeza kwenye tangi la lita 10,000, na maji yanayofurika yaende mbali na nyumba. Ardhi inayozunguka iteremke kwa sentimita 10 katika mita mbili za kwanza. Upande wa mlimani chimba mtaro wa kokoto, upana sentimita 40, kina 60, umbali wa mita moja na nusu kutoka ukutani. Usichimbe jirani na msingi, utaulegeza.

Maua yaliyopandwa ukutani yang'olewe. Kuni zisipangwe ukutani pia, hata kama kwenye picha za mitandao zinapendeza.

Gogo la chini

Baada ya paa na mitaro, sasa gogo lililooza. Kama uozo umekula chini ya theluthi ya kipenyo na uko upande wa nje, usilitoe gogo zima. Chonga sehemu mbovu kwa patasi na tezo hadi ufike kwenye mti mzima, kisha funika uso kwa nusu gogo la mtarakwa kuukuu lililorandwa likae sawasawa, lishikwe kwa skurubu za chuma kisichoshika kutu na gundi ya epoksi. Kama uozo umepita nusu, kata kipande hicho na uunge kipya. Kiungo kiwe cha nusu kwa nusu (kila ncha ikatwe nusu ya unene ili zilaliane), urefu wake sentimita 60 hadi 75 kwa gogo la sentimita 25, na kisiangukie chini ya mlango, dirisha wala kwenye pembe. Usijaze tundu kwa simiti au kwa epoksi tupu kama plasta ya jino. Epoksi inayojaza pengo kubwa haipumui, na mti unaoizunguka huoza ukiwa umefichika.

Ili kulitoa gogo la chini ni lazima ukuta uinuliwe. Gogo la mtarakwa mkavu la mita 9, kipenyo sentimita 25, lina uzito wa kama kilo 250. Ukuta wa magogo kumi ni tani mbili na nusu, na sehemu yake ya paa inaongeza tani moja hivi. Jeki nne za chupa za tani 10 zinatosha, zikiwa mita mbili na ushei kutoka moja hadi nyingine. Kinachoangusha watu si udogo wa jeki bali ardhi iliyo chini yake. Udongo wa shamba la Molo ni laini; jeki inazama badala ya ukuta kupanda. Panga mataruma ya reli au mbao nzito kwa mkingamo, safu juu ya safu, jeki ikae juu, na kati ya jeki na gogo iwepo bamba la chuma la milimita 10 ili isitoboe mti.

Toa vioo vyote vya madirisha kwanza. Ondoa pia msumari au bomba lolote linalofunga ukuta na dohani, kwa sababu mawe hayatainuka pamoja na magogo. Inua milimita 3 kwa kila jeki, zote kwa zamu, kisha simama, zunguka, sikiliza, angalia milango. Endelea kesho. Unachotaka ni nafasi ya kuvuta gogo, si kunyoosha nyumba iliyolala upande kwa miaka themanini. Ukiilazimisha inyooke kwa siku moja, pembe zitapasuka. Kila unapoinua, kabari zifuate chini ya ukuta. Jeki ya mafuta huvuja usiku, kwa hiyo hakuna mtu anayeingia chini ya ukuta ulioshikwa na jeki pekee.

Gogo jipya likae juu ya nguzo za mawe, angalau sentimita 30 kutoka ardhini, 45 ni bora. Juu ya kila nguzo laza bati la mabati lililokunjwa kingo kuelekea chini, litokeze sentimita 5 kila upande. Bati hilo haliui mchwa. Linawalazimisha wapite nje, mahali unapoona njia yao ya udongo na kuivunja. Usizibe mzunguko wote wa chini kwa ukuta wa mawe. Acha matundu yenye wavu ili hewa ipite. Andika mwaka wa kazi kwa patasi kwenye upande wa gogo jipya usioonekana. Mkataba wa Venice wa 1964, ambao wahifadhi wa majengo bado wanaufuata, unataka kilicho kipya kitambulike kuwa kipya.

Kati ya gogo na gogo

Simiti ni ngumu kuliko mti na haitanuki nao. Gogo linavimba msimu wa mvua na kusinyaa Januari. Simiti imesimama pale pale. Matokeo ni ufa mwembamba kama unywele pale simiti inapokutana na gogo. Maji yanaingia, kisha simiti inayafungia. Ukitoa simiti kama hiyo baada ya miaka michache, nyuma yake utakuta unga.

Tumia chokaa. Kipimo 1 cha chokaa kwa 3 vya mchanga safi wa mtoni uliochekechwa, pamoja na nyuzi za katani zilizokatwa sentimita 2 hadi 3, kiganja kimoja kwa ndoo. Chokaa iloweke kwenye maji usiku kucha kabla ya kuchanganya. Ukiwa na haraka ya hali ya hewa, ongeza robo kipimo ya simiti kwa kipimo 1 cha chokaa na 4 vya mchanga, isizidi hapo. Chokaa ya karibu nawe ni ya Koru, kaunti ya Kisumu. Ila uwe macho dukani: chokaa ya kilimo, ile ya kupunguza asidi shambani, ni mawe yaliyosagwa bila kuchomwa, nayo haigandi kamwe. Mwambie muuzaji unataka chokaa ya ujenzi. Vaa miwani na glavu, inachoma macho.

Hesabu ya nyumba yako: mzunguko wa mita 30, mapengo kama kumi, toa milango na madirisha, unabaki na mita 240 kwa upande mmoja, 480 ndani na nje. Pengo la sentimita 5 kwa kina cha 3 linahitaji mchanga kama robo tatu ya mita ya ujazo na mifuko 6 ya chokaa ya kilo 25. Nunua 8. Piga misumari ya inchi mbili iliyopakwa zinki kila sentimita 15 kwenye gogo la chini la kila pengo, ukiikunja kidogo. Hiyo ni misumari 3,200 hivi, au badala yake tumia ukanda wa waya wa kuku uliofungwa upande mmoja tu. Upande mmoja, kwa sababu ukifunga juu na chini gogo likisogea litaipasua chokaa. Jaza kwa tabaka mbili, la pili baada ya la kwanza kushika. Uso wa chokaa uinamie nje, ukianzia ndani kabisa chini ya gogo la juu na kuishia nyuma ya mbonyeo wa gogo la chini, ili maji yadondoke badala ya kukaa. Funika kwa magunia mabichi siku nne au tano. Chokaa ikikauka haraka kwa jua inageuka vumbi.

Kazi hii inaziba pia njia za panya na popo. Afisa wa afya ataangalia hilo kabla hajaangalia kitu kingine.

Dawa, rangi, na oli chafu

Vanishi inayotengeneza ngozi juu ya mbao haifai hapa. Molo iko kama mita 2,500 juu ya usawa wa bahari, karibu na ikweta, na jua la huko linapasua vanishi angavu upesi. Kisha maji yanaingia chini ya ngozi hiyo na unabaki na kazi ya kukwangua. Ushauri mwingi wa intaneti kuhusu nyumba za magogo unatoka Marekani na nchi za Skandinavia, kwenye misonobari, theluji na jua la upande. Chukua mbinu zao za useremala, lakini ratiba yao ya kupaka rangi iache huko.

Kwanza dawa: borati. Ni chumvi inayoingia kwenye mti wenye unyevu yenyewe, inaua kuvu na wadudu wanaobungua, na haina harufu. Jina la kutafuta kwenye lebo ni disodiamu oktaborati tetrahidrati, boroni asilimia 20 na kidogo. Wakulima wa maua na mboga hutumia unga huohuo kama mbolea ya kupulizia majani, kwa hiyo agroveti kubwa ya Nakuru au Naivasha ndiyo mahali pa kuuliza. Usipopata, changanya boraksi sehemu 60 na asidi ya boriki sehemu 40 katika maji ya moto. Kilo 1 kwa lita 9 za maji. Ndani na nje ya kuta zako, mara mbili, ni lita 60 hivi za mchanganyiko, yaani kilo 6 za unga. Ncha za magogo pembeni zipewe mara nne, maana mti unakunywa maji kupitia ncha kuliko ubavuni. Pulizia kabla ya kuweka chokaa, na usiruhusu dawa iguse meza ya chakula.

Borati huoshwa na mvua, kwa hiyo nje ifuatiwe na mafuta yenye rangi ya kahawia yanayoingia ndani ya mbao bila kutengeneza ngozi. Mafuta ya kitani yaliyochemshwa yanafaa yakiwa na rangi. Matambara yaliyotumika kuyapaka yasikunjwe kwenye kona: yanajipasha moto yenyewe hadi kuwaka. Yatie kwenye debe la maji.

Oli chafu ya gari, ile inayopakwa kwenye nguzo na mabanzi kila mahali, hapana. Inanuka, inachafua nguo za wateja, inalisha moto, na ndani ya mahali pa chakula afisa wa afya atakufungia, tena kwa haki.

Kama kuta za ndani zina rangi ya zamani iliyotabakana, ichukulie kuwa na risasi. Isipigwe msasa mkavu wala kuchomwa. Lowesha, kwangua, kusanya kwenye plastiki. Vilevile kama kuna kibanda cha nyuma chenye mabati ya asbesto, kinatolewa na mtu mwenye leseni ya NEMA.

Jiko likae nje

Hapa nasisitiza kuliko popote. Jiko la mkahawa ni mvuke, mafuta na moto kutwa. Katika mwinuko wa Molo maji huchemka kwenye nyuzi 91 au 92, si 100, hivyo maharagwe na githeri hukaa motoni muda mrefu zaidi na kutoa mvuke mwingi zaidi (nunua sufuria za presha, gesi utakayookoa itazilipa). Mvuke huo ndani ya chumba cha magogo cha mita tatu unatulia kwenye ukuta wa baridi wa nje, na mwaka haujaisha una kuvu upande wa ndani, mahali ambapo upenu haukusaidii. Mafuta ya kukaanga nayo yanaingia kwenye nyufa za mti, na hayatoki tena.

Kuna gesi pia. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Nyumba yako ina sakafu ya mbao iliyoinuliwa juu ya nguzo. Mtungi ukivuja ndani, gesi inapenya kati ya mbao na kulala chini ya sakafu, pasipoonekana, ikingoja cheche. Kwa sababu hiyo tu jiko halistahili kuingia humo.

Jenga jengo dogo la mawe nyuma, mita 4 kutoka kwenye magogo kwa uchache, 6 ukipata nafasi. Mita za mraba 18 hadi 20 zinatosha kwa ukubwa wa ukumbi wako. Vyoo na sehemu ya kuosha vyombo viwe humohumo. Sakafu iwe ya zege na vigae visivyoteleza, iteremke sentimita 2 kila mita kuelekea kwenye mfereji. Vigae vya ukutani vifike mita 1.8. Sinki ya mikono iwe peke yake, mbali na sinki za vyombo. Mtego wa mafuta uwe nje kabla ya maji kwenda kwenye tangi la maji taka, usafishwe mafuta na mashapo yakijaza robo yake. Ukiusahau, mafuta yataganda kwenye bomba la kwanza lenye kona, na baridi ya Julai itaharakisha.

Kofia ya moshi izidi majiko kwa sentimita 15 kila upande. Bomba lake liwe la chuma cha milimita 1.5 lililochomelewa, na lisikaribie mbao yoyote kwa chini ya sentimita 45. Hewa ya huko ni nyepesi kwa karibu robo kuliko ya pwani, kwa hiyo mwambie muuzaji wa feni mwinuko wa mahali, asikupe ya kipimo cha Mombasa. Mitungi ikae nje ya ukuta wa jiko kwenye kizimba cha wavu. Jiko la nyama choma liwe upande ambao upepo hausukumi cheche kwenye paa. Kaa hapo siku kadhaa uangalie moshi unaelekea wapi kabla ya kujenga.

Kati ya jiko na ukumbi weka njia yenye paa la mabati juu ya nguzo za chuma. Paa hilo liwe chini ya upenu na lisifungwe kwenye magogo.

Ukitegemea kisima, pima floridi. Maji ya ardhini katika Bonde la Ufa mara nyingi huwa nayo nyingi, na kiwango cha kunywa kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani hakizidi miligramu 1.5 kwa lita.

Watu 60 hawaenei

Mtu aliyeketi mezani huhitaji mita ya mraba 1.4. Chumba kikubwa, ukitoa unene wa kuta, meko na kaunta, kina kama mita za mraba 26: watu 18. Vyumba vya nyuma vinachukua meza moja ya watu 5 kila kimoja. Baraza ni 16. Jumla 44. Waliobaki wakae bustanini chini ya mwavuli, au usiwahesabu. Utashawishika kubomoa ukuta wa katikati ili kupata nafasi. Usibomoe. Ncha zake zimeingia kwenye kuta ndefu na kuzizuia zisitanuke. Ukiutoa, paa litazisukuma nje.

Sakafu ya nyumba ya kuishi hupimwa kwa kilo 150 hivi kwa mita ya mraba. Ukumbi wa kulia ni 200 hadi 300. Pita chini uangalie mihimili. Ikinepa ukirukaruka, weka boriti katikati ya mwendo wake juu ya nguzo mpya za mawe. Ukiugawa mwendo nusu kwa nusu, kunepa kunashuka hadi moja ya kumi na sita, na mbao za juu huzigusi. Nyufa kati ya mbao za sakafu zibe kwa vipande vyembamba vilivyopigwa gundi upande mmoja, vinginevyo makombo yataanguka chini na panya watahamia.

Milango miwili ya kutokea, pande tofauti, upana sentimita 90, ikifunguka nje, bila kufuli ya ufunguo wakati wateja wamo. Mlango wa pili upatikane kwa kushusha dirisha la nyuma, usitoboe ukuta mahali papya. Kabla ya kukata, funga mbao wima pande zote mbili za mkato kwa skurubu, kila gogo lishikwe. La sivyo ncha zilizokatwa zitateleza kabla hujaleta fremu.

Nyaya za zamani zilizovikwa mpira zitolewe zote. Mpya zipite ndani ya mabomba ya chuma juu ya ukuta, zifungwe na fundi mwenye leseni ya EPRA (mamlaka ya nishati), na kuwe na kikata umeme cha uvujaji cha miliampia 30. Dohani irefushwe hadi izidi paa sentimita 90, na izidi kitu chochote kilicho ndani ya mita 3 kwa 60. Juu yake weka wavu wa kuzuia cheche. Mbele ya meko sakafu ya mawe itokeze sentimita 50, pembeni 30. Vizima moto: cha unga kilo 9 karibu na kila mlango wa ukumbi, cha kemikali ya maji jikoni, cha kaboni dayoksaidi kwenye bodi ya umeme. Mishumaa mezani, hapana.

Kuhusu majira, mambo ya paa na gata yaishe Desemba. Jeki Januari hadi mwanzoni mwa Februari, ardhi ikiwa kavu. Borati inafuata, kisha chokaa, nayo iwe imekwisha wiki tatu kabla ya mvua za Machi kwa kuwa inashika polepole. Mvua ikikuwahi, funika kuta kwa turubai, jenga jiko la mawe wakati huo, na umalizie chokaa mvua ikipungua. Masika yakianza, chukua tena kipima unyevu, uende kwenye zile namba ulizoandika; gogo lolote lililopita asilimia 20 lina uvujaji juu yake au matope yanayolirukia, na ni hilo la kurekebisha kabla ya kuchapisha menyu.